Maneno ya Sikukuu Hayatoshi: Nilivyompeleka Bi Lam Pangani

Mmeniuliza wote, mmoja mmoja na kwa makundi, kwa nini nimerudi siku ya kumi na mbili wakati niliaga naenda kumlea mzazi arobaini nzima. Mwingine amekwisha kunisemea huko kwenye shughuli kwamba nimefukuzwa na mkwe wa mdogo wangu. Sikufukuzwa. Kugombana tuligombana, tena kando ya barabara, mbele ya watu wa Segera, na aliyeanza ni mimi. Nimeona niandike badala ya kusimulia, maana nikisimulia mnanikatiza, na nikisema nusu mnajazia nusu iliyobaki wenyewe. Nawajua.

Wengi wenu mnamfahamu Zaituni. Kwa wasiomfahamu, ni mdogo wangu wa mwisho, na mimi ndiye nimebaki mama yake, kwa sababu mama yetu tulimzika miaka minne iliyopita na baba alitangulia. Ameolewa Pangani na Karimu, fundi wa mashine za barafu, Mchina wa kusini kule wanakosema Kikantoni. Karimu alisilimu, akatoa mahari, akala pilau ya mikono yangu. Lakini mama yake hakuja harusini. Alimwambia mwanawe kwamba siku akitaka kusema naye, watasema uso kwa uso, na simu yake hakuipokea tena kwa miaka miwili.

Zaituni alikuwa aje kujifungulia kwangu hapa Bagamoyo, kama desturi ilivyo. Mtoto akawahi wiki mbili. Akazaliwa Pangani salama, wa kiume, baba yake akiwa Mtwara kwenye mtambo ulioharibika ambao hawezi kuuacha. Mimi nikawa nafunga mizigo, mara Karimu akapiga simu. Mama yake alikuwa amepata habari za mjukuu kwa shangazi mmoja, na alikuwa tayari ameshapanda ndege. Je, Dada, utampokea, umpeleke?

Zaituni naye akapiga, sauti ndogo ya mtu aliyelala chali. "Dada, mtoto huyu hana bibi mwingine duniani. Ni huyo mmoja tu. Nakuomba umlete kwangu moyo wake ukiwa mweupe."

Nikamjibu, "Ondoa shaka, mdogo wangu. Mgeni wangu mimi hajawahi kuondoka amenuna."

Dar es Salaam hadi Bagamoyo

Karimu alinifundisha kwa sauti alizorekodi na kunitumia kwenye simu. Zilikuwa sauti kumi na moja, kila moja na neno lake, mara tatu polepole na mara moja kwa kasi ya wenyewe. Nilizisikiliza nikikuna nazi, nikazirudia kwa nguvu mpaka jirani akapenyeza kichwa kuuliza kama nimepandisha mashetani. Aliniambia nisijisumbue na Kichina cha vitabuni, mama yake hakisemi. Nijifunze maneno ya mtaani, ya mtu na jirani yake.

M goi ni asante ya mtu aliyekufanyia jambo. Do je ni asante ya mtu aliyekupa kitu. Ukizichanganya hawakupigi, ila wanacheka. Hou sik, chakula kitamu. San fu sai, pole na kazi. Na lile nililolipenda kuliko yote, mou man tai, hamna tatizo. Nilipolisikia hilo nilijua nimefika. Mtu wa Bagamoyo ukimpa neno la hamna tatizo, umempa nusu ya maisha yake. Mama mwenyewe nimwite Pak-mou, kwa heshima ya mama wa mtu unayefahamiana naye, lakini hapa nitamwita Bi Lam ili msipotee.

Ndege ilichelewa saa tatu. Nilisimama pale na karatasi yenye jina lake mpaka miguu ikafa ganzi, na sikuwa nimetia kitu tumboni tangu alfajiri. Mwishowe akatoka mama mdogo wa umbo, nywele nyeupe zilizokatwa fupi, akivuta sanduku lililofungwa kamba nyekundu. Akaiangalia karatasi, akaniangalia mimi na buibui langu kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Sik jo fan mei a?"

Moyo uliruka kwa furaha. Sauti ya nne! Umeshakula? Na kwa kuwa nimefundishwa kusema kweli, nikatikisa kichwa: bado.

Bi Lam akalikalia sanduku lake hapohapo mlangoni, watu wanatupita na matoroli, akafungua mkoba akanilisha biskuti. Kwenye foleni ya Tegeta akauliza tena, nami nikajibu tena kwa uaminifu kwamba sijashiba. Mapinga akauliza mara ya tatu. Mpaka tunaingia Bagamoyo nilikuwa nimekula biskuti, karanga za kukaanga, na kitu cheusi chenye chumvi na sukari ambacho hadi leo sijui kama ni tunda au ni dawa. Karimu aliposikia alicheka mpaka akakohoa. Kumbe ile ni salamu tu. Unajibu nimekula, hata kama hujala, kama sisi tunavyoulizwa habari tukasema nzuri huku paa linavuja.

Mtaniuliza kwa nini nisimpe simu aseme na mwanawe. Nilimpa. Aliirudisha mkononi mwangu kwa adabu, bila kuiweka sikioni. Ile programu ya kutafsiri nayo nilijaribu, ikasema Kichina cha Beijing, naye akaisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Nikabaki na maneno yangu kumi na moja.

Bagamoyo hadi Kiwangwa

Asubuhi nilimwandalia mkate wa kumimina na chai ya tangawizi. Mkate aliula kwa heshima, ila tangawizi aliinusa, akaja mpaka jikoni kuitafuta ilipo, akaichukua na kuikandamiza kwa ukucha. Akaniambia neno refu. Nikamjibu, "Mou man tai," na tangawizi yote ya wiki ikaingia kwenye sanduku lake.

Tuliondoka saa kumi na mbili na gari ndogo ya Yosefu, kijana wa Kiwangwa anayenibebeaga masufuria ya shughuli. Mpango ulikuwa tupite Msata, Segera, Muheza, na saa tisa tuwe Pangani. Mungu ana mipango yake. Hatujafika Kiwangwa, mvuke ukaanza kutoka mbele, Yosefu akasimama akafungua boneti, akasema neno moja tu, "Rejeta."

Tukasukuma. Bi Lam naye alishuka akasukuma, miaka yake sabini na kitu, na viatu vyake vya kitambaa. Nilimwambia "San fu sai, Pak-mou," na kwa mara ya kwanza aliniangalia kama mtu anayeangalia mtu. Akanipiga begani, tukaendelea kusukuma.

Yosefu akatupeleka kwa mwalimu wake wa zamani, Mwalimu Agripina, mstaafu, mtu wa bara aliyeletwa na kazi Kiwangwa akajenga hapohapo. Kwake kulikuwa na pilikapilika, mjukuu anapata kipaimara kesho yake, nyuma ya nyumba moshi na vicheko.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni. Na huyu mama?"

"Mkwe wa mdogo wangu, Mwalimu. Tunakwenda kumwona mzazi, gari imetuangusha."

"Basi mmeangukia penye watu," akasema, na kweli. Alitukatia nanasi bila kuuliza. Bi Lam akaomba chumvi kwa vidole, akalinyunyizia, Mwalimu akaonja la kwake lenye chumvi, akasema toka azaliwe amekuwa akila nanasi vibaya. Fundi alikuja na pikipiki, akaenda Msata kutafuta kifaa, akarudi na kisichoingia, akaenda tena bila kulalamika. Nilitaka kumlipa zaidi akakataa, akasema mzazi anasubiri. Watu kama hao mkikutana nao muwaombee.

Katika kusubiri kule nilisinzia kwenye mkeka. Nilipoamka, Bi Lam alikuwa ameinama mbele yangu, uso umejaa nuru, ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nyuma yake Mwalimu anatazama. Bi Lam akasema maneno mengi, polepole, akionyesha nyuma ya nyumba, kisha tumbo lake, kisha mbali, upande wa Pangani. Akasubiri jibu langu.

Sikuelewa hata neno moja. Lakini mama mtu mzima amekushika mkono, anakuomba jambo, unamwambiaje hapana? Nikajibu kwa sauti yangu yote, "Mou man tai, Pak-mou! Mou man tai!"

Alifurahi mno, na mimi nikafurahi kwa kuwa kafurahi. Saa saba gari ikawaka. Mwalimu alituaga kwa mananasi manne, na kindoo chenye kifuniko ambacho Bi Lam alikipakia mwenyewe, kando ya kapu langu la chakula.

Kiwangwa hadi Muheza

Safari ilikuwa nzuri, sitaki kudanganya. Bi Lam alikaa mbele akawa ananifundisha. Anaonyesha kitu, anasema, narudia nyuma yake. Mvua, ng'ombe, lori, jua. Nikikosea anasema tena bila kuchoka. Ng'ombe ni ngau, na hilo nililishika upesi kwa sababu lina mlio wake ndani. Yosefu naye akaanza, na kila lori likitupita tunaliita kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba moyo wake unakwenda mweupe.

Segera tulisimama saa kumi tule. Nilikwenda nyuma ya gari kutoa kapu langu, nikasogeza kile kindoo, kifuniko kikafunguka. Mlikuwa na miguu minne ya nguruwe wa sherehe ya Mwalimu, imepakwa chumvi, imelazwa juu ya jani la mgomba, karibu kabisa na mikate yangu.

Nisingependa kuyaandika niliyosema, lakini mmetaka yaliyotokea. Nilipiga kelele. Nilisema haramu, nikarudia mara nyingi, kwa sababu ndilo neno nililodhani kila mtu duniani analijua. Nikasema anataka kupika hii kwenye sufuria za mzazi wangu, kwenye nyumba ya swala, ametutukana, toka Uchina ametutukana. Watu wa mahindi ya kuchoma wakasogea. Bi Lam alisimama ameshika mlango wa gari, haelewi Kiswahili lakini uso wangu anauelewa. Akasema taratibu, "Mou man tai," akininyooshea kidole. Mou man tai. Wewe ndiye uliyesema.

"Yosefu," nikasema, "chukua hiki kindoo ukifanye utakavyo."

"Dada Saada, mimi kitimoto nakula, sikatai," Yosefu akajibu kwa sauti ya chini, "lakini huyu mama anaangalia."

"Chukua!"

Akachukua. Kwao ni kitoweo, angekipeleka kwa mkewe, na kwa chumvi ile kingekaa mpaka kesho bila kuharibika. Lakini Bi Lam aliona zawadi yake ikikabidhiwa kwa dereva. Toka Segera mpaka Muheza alitazama dirishani, hakuna ng'ombe wala lori lililopewa jina.

Muheza tulilala, kwa kuwa mvua ilikuwa imeilainisha barabara ya Pangani na Yosefu alikataa kuipita giza likiingia. Nyumba ya wageni ilikuwa safi, mhudumu mpole. Nilipeleka chakula chumbani kwake, nikauliza ile salamu, "Sik jo fan mei a?" Hakuitika. Alikuwa amekaa kitandani, viatu miguuni, kamba nyekundu imefungwa upya kwenye sanduku. Akanionyesha kwa dirisha basi lililokuwa linapakia abiria wa Dar, kisha akajigusa kifua.

Mimi mpishi wa shughuli, niliyelisha harusi za watu mia nne, nikatoka na sahani iliyojaa. Sijawahi kurudishiwa sahani imejaa.

Nikamtafuta Karimu mpaka mtandao ukapatikana nikiwa kwenye ngazi za nje. Nilimweleza yote, na nilikuwa bado nina hasira.

"Alikuuliza kwanza?" akasema.

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini, Dada?"

"Mou man tai."

"Ulielewa alichosema?"

"Sikuelewa."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Karimu, ni mgeni! Mtu mzima amenishika mkono! Ningemkatalia vipi?"

"Kosa ni langu," akasema. "Nimekufundisha maneno ya sikukuu tu. Chukua hili sasa: m dak. Haiwezekani. Kwetu watu wanaambiana m dak siku nzima, dukani, jikoni, na hakuna anayekasirika. Lakini ukisema hamna tatizo, mama yangu anaamini hamna tatizo."

Kisha akanieleza jambo ambalo ingefaa nilijue kabla sijabeba hata mkoba wa mama yule. Kwao mwanamke akijifungua, mama wa mume humpikia miguu ya nguruwe kwa siki nyeusi na tangawizi nyingi, na mayai, mwezi mzima, kumrudishia joto na damu. Kwa mama yake ile si nyama, ni dawa, na dini ya mtu haingii kwenye dawa. Aliyokuwa ameambiwa na mwanawe kuhusu nguruwe alidhani ni ya watu wazima wenye afya, haiwahusu wazazi.

"Na Mama aliponizaa mimi, Dada, hakuna aliyempikia. Bibi yangu hakumtaka. Siku ya tatu Mama aliinuka akajipikia mwenyewe. Amenisimulia hilo tangu nina akili. Shangazi ameniambia, kwenye sanduku lile hakuna nguo nyingi. Ni chupa za siki. Hakuja kumwona mtoto peke yake. Amekuja kumpikia Zaituni."

Nilikata simu, nikakaa kwenye ngazi pale nikalia. Niliona haya. Nimembeba mtu aliyevuka dunia ili mdogo wangu asipitie alichopitia yeye, na mimi nimemkaripia kando ya barabara kama mwizi wa kuku.

Sokoni Muheza

Alfajiri nilisali, nikagonga mlango wake. Alikuwa tayari, sanduku mkononi. Nikasema neno la kuomba radhi alilonipa Karimu, doi m ju, na nikalisema vibaya, kwa sababu lina sauti ambayo mdomo wangu hauna. Alinitazama tu. Sikuwa na maneno mengine, basi nikamshika mkono kama yeye alivyonishika, nikamvuta. Alikubali kuvutwa, labda kwa adabu. Sanduku alikuja nalo.

Nilikuwa nimesikia harufu tangu kitandani. Pale kando ya soko kuna mzee anauza supu ya makongoro asubuhi, sufuria kubwa, na meza yake ya kwato mbichi zilizokwisha kubabuliwa na kukwanguliwa nywele.

"Shikamoo, mzee. Naomba bakuli moja ya huyu mama."

"Marahaba. Anakula makongoro, huyu?"

"Ndiyo tunakwenda kujua sasa hivi."

Bi Lam alilitazama bakuli. Nikainua kongoro bichi mezani, nikaliweka mbele yake. Nikasema, "Ngau." Kwa kuwa sikuamini matamshi yangu, nikalia kama ng'ombe. Ndiyo, mimi Saada binti wa watu, sokoni Muheza, watu wakinunua vitunguu. Nikajigusa mguu, nikalia tena. Kisha nikakoroma kama nguruwe, nikatikisa kichwa, nikasema jina la nguruwe alilonipa Karimu, na neno langu jipya. "Chu, m dak. Pak-mou, m dak." Nikainua kongoro. "Ngau, mou man tai."

Katika maisha yangu sikumbuki kumwambia mgeni haiwezekani, usoni, mchana kweupe.

Hakukasirika. Niliona anafikiri. Alinywa supu kijiko kimoja, akanywa cha pili, akatafuna ule ulaini wa kwenye kwato kwa muda mrefu. Akalichukua kongoro mkononi mwangu, akalikandamiza kwa ukucha kama alivyoikandamiza tangawizi yangu. Kisha akaliweka chini, akaonyesha jingine, mzee akamletea, akalikataa hilo pia. "M dak," akamwambia mzee. Akakataa matatu. Alitaka ya mbele, yenye nyama ya kushika siki, na mimi kama mpishi nilimwelewa kabisa. Alipopata manne yanayomridhisha, akanigeukia, akanitazama vizuri, akasema, "Mou man tai."

Halafu akalia kama ng'ombe. Mzee wa makongoro alicheka hadi akashika meza, na Yosefu aliyekuja kututafuta akatukuta tumeshikana mabega, tunafuta macho. Mzee alituongezea vipande vya bure vya mzazi. Sikumuuliza jina lake, na hilo najilaumu.

Pangani

Barabara ilikuwa matope, tulikwama mara mbili, tukasukumwa na wavuna mikonge ambao hata soda walikataa. Saa sita tukafika.

Chumba cha Zaituni kilikuwa na harufu ya udi, madirisha yamefungwa, na yeye amejifunika kanga mbili. Jirani yake Mama Nuru, aliyekuwa akimwangalia siku zote zile, akainuka kutupisha. Nilidhani Bi Lam atakwenda kwa mtoto. Alimpita mtoto. Akafika kitandani, akapenyeza mkono chini ya kanga, akashika nyayo za Zaituni. Zilikuwa na soksi, zina joto. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema, "San fu sai."

"Dada, anasema nini?" Zaituni akaniuliza, macho yamemtoka.

"Anakupa pole, mdogo wangu. Kwa kazi uliyofanya."

Zaituni akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Ndipo Bi Lam akamgeukia mjukuu.

Msidhani baada ya hapo ilikuwa asali tupu. Jikoni tulipambana. Nyinyi mnajua kwetu mzazi hali kitu kichachu, na mwenzangu anafungua chupa ya siki nyeusi, anaimimina kama maji. Nikasema m dak. Mama Nuru akampelekea mzazi dafu, Bi Lam akalinyakua, dafu ni la baridi, m dak. Nikapika uji wa pilipili manga, akauonja, akaongeza tangawizi bila kuniuliza. Siku ile tuliambiana m dak mara nyingi kuliko salamu, na ajabu yake, Karimu alisema kweli, hakuna aliyekasirika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukataliwa jikoni nikajisikia nyumbani. Mwishoni Zaituni akapaza sauti kutoka chumbani, "Jamani, nipeni vyote, nina njaa!"

Akala vyote. Makongoro yale yalichemka mpaka jioni ndani ya siki na tangawizi, yakawa meusi, yanang'aa. Nilionja kwa kusitasita. Hou sik, na nalisema bila kulazimishwa. Siku ya nne maziwa yakazidi mpaka kanga ikalowa, na mimi najua ni uji wangu, na Bi Lam anajua ni makongoro yake.

Karimu alifika siku ya tano. Mama na mwana walisimama mlangoni muda mrefu. Sijui walisema nini, walisema kwa kasi ya wenyewe, ila nilisikia mama akimuuliza kama amekula.

Kazi ya kumkanda mzazi ilikuwa yangu. Kila asubuhi maji ya moto na kitambaa, kiuno, tumbo, mgongo, kama mama yetu alivyonikanda mimi. Bi Lam alikuwa akikaa pembeni akiangalia. Siku ya nane nilimshika mikono nikamwonyesha mahali pa kukandamiza na mahali pa kupita polepole, yeye akaniitikia kila hatua.

Siku ya kumi na moja nilichelewa kuamka. Nilikuja na birika haraka haraka, nikakuta mlango uko wazi nusu. Bi Lam alikuwa ameshaanza. Zaituni amelala kifudifudi, na analia kilio ambacho sikukisikia hata siku tulipomzika mama, kwa sababu siku ile alikuwa amekauka kama jiwe. "Mama," alikuwa akisema. "Mama, mama." Bi Lam hajui Kiswahili, lakini hakuacha kukanda. Alikuwa akimwitikia kila anapoita.

Miaka minne nimekuwa nikijitahidi kuwa mama wa Zaituni, na nimejitahidi kweli. Sikuwahi kumfanya alie hivyo. Niliumia kidogo, siwafichi, kisha nikashukuru kuliko nilivyoumia. Nikarudisha birika jikoni, nikaanza kukunja nguo zangu.

Kesho yake niliwaaga chumbani, maana mtoto hatoki nje kabla ya arobaini. Nilikuwa nimemwomba Karimu swali moja, nikalikariri tangu asubuhi. "Pak-mou, nei gei si fan hoi a?" Utarudi lini kwenu?

Bi Lam alikuwa amempakata mjukuu. Akaweka kiganja chini ya kisogo chake, akakilegeza kidogo sana. Kichwa kikayumba. Akakishika tena haraka, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi.

"Mei a," akasema. Bado. Shingo haijakaza.